Lipu ya Chumba cha Bi Mwamini

Siku yangu ya kwanza kazini sikupewa nyundo wala mwiko. Fundi Mkuu wa bohari la majengo, pale Kigoma mjini, alinichukua mpaka kwenye nyumba moja ya zamani iliyokuwa ikingoja kukarabatiwa, akaniingiza stoo, akafunga mlango, yeye akabaki nje. Nikasimama gizani nikidhani nimeshakosea. Baada ya muda akaniuliza kupitia mlangoni:

"Laurenti, unasikia harufu gani?"

"Panya, Mkuu."

"Panya ni mpangaji. Mimi nakuuliza habari za nyumba yenyewe."

Nikavuta pumzi tena. Nikasema nasikia harufu kama ya mtungi wa maji. Akafungua mlango, akasema, "Haya, twende tuyatafute hayo maji yanatoka wapi." Tukayatafuta mpaka saa sita. Bati lilikuwa limetoboka juu ya kona, tundu lisilopitisha hata kidole, na maji yalikuwa yakishuka ndani ya ukuta kimya kimya, pengine kwa miaka. Ukutani hapakuwa na doa hata moja.

Naandika haya kwa ajili yenu mafundi vijana, na ninyi mnaonunua nyumba za zamani mzitengeneze, mpangishe au muuze. Sijui kama mimi ndiye wa kuwaandikia. Elimu yangu ni darasa la saba, na mwandiko wangu hata mke wangu huusoma kwa kubahatisha. Lakini nina daftari ambalo kila jioni niliandika nilichokiona kwenye kuta za watu, na humo yamo mambo ambayo sikumwambia mtu. Nikikosea mahali, mnisahihishe. Nikijipendelea, mnishike hapo hapo.

Fundi Mkuu alikuwa mtu mfupi, mkali wa maneno, asiyewahi kumpiga mtu. Alitufundisha kwamba nyumba haikaguliwi kuanzia mlangoni. Unaanza mbali, upande wa pili wa barabara, unaangalia paa kama linakaa sawa au limebonyea katikati kama mgongo wa punda. Unazunguka nje ukiangalia maji ya mvua yanakwenda wapi. Ndipo unatoa timazi, yaani kile kipande cha chuma kinachoning'inia kwenye uzi, unapima kama ukuta umesimama wima au umeanza kuinama. Ufa uliosimama wima, alisema, mara nyingi ni wa kukauka tu, usiuogope sana. Ufa wa mshazari, unaoanza kwenye kona ya dirisha na kushuka kama ngazi, huo ni msingi unaozama. Na ukuta uliofura tumbo chini, hauna ufa, hauna doa, huo ndio wa kukimbia.

Mwisho kabisa ni kisu. Kila mmoja wetu alikuwa na kisu chembamba cha kuchoma ukuta wa udongo, shibiri moja kutoka sakafuni. Kikiingia ncha tu, ukuta ni mkavu. Kikiingia nusu, tafuta maji. Kikizama hadi mpini, toa watu.

Jambo jingine alilolisema mara nyingi lilikuwa hili: "Udongo na saruji ni wake wenza. Ukiwaweka chumba kimoja, mmoja atamfukuza mwenzie." Tulicheka sana, maana yeye mwenyewe alikuwa na wake wawili, na nyumba zao zilikuwa mbali mbali kabisa, mmoja Mwanga na mwingine Ujiji. Nilicheka vizuri kuliko nilivyosikiliza.

Nilikaa bohari mpaka kazi zilipopungua na sisi tukapunguzwa. Nikahangaika na vibarua vya hapa na pale, kuezeka, kujenga vyoo, hadi siku aliponiita mtu ambaye mtaani Ujiji walimwita Mwekezaji. Jina hilo walimpa kwa utani, maana alianza na biashara ya dagaa pale Kibirizi na suruali yake ilikuwa bado inanukia dagaa. Naye akalikubali jina, akalipenda. Alikuwa ananunua nyumba kuukuu za Ujiji, zile za tofali mbichi zenye baraza mbele, ambazo warithi wametawanyika na hakuna anayezitunza. Anazitengeneza, anapangisha vyumba. Kazi yangu ikawa kukagua kabla hajanunua, na kusimamia matengenezo akishanunua.

Watu wengi walimsema vibaya, kwamba anakula urithi wa watu. Mimi niliyefanya naye kazi miaka mingi nasema hivi: alikuwa na haraka, na haraka yake ilimponza mara nyingi, lakini hakumdhulumu muuzaji mbele yangu. Nilipomwambia nyumba fulani paa lake limeliwa na mchwa, hakuitumia habari hiyo kumtisha mwenye nyumba. Alisema tu, "Basi tuiache, Mzee Laurenti. Nyumba ziko nyingi, mgongo wangu ni mmoja."

Ndivyo tulivyofika kwa Bi Mwamini.

Bi Mwamini alikuwa mama mtu mzima, mjane, mtoto wa Ujiji hasa, ambaye babu zake walivuka ziwa zamani na misafara. Nyumba ilikuwa ya marehemu baba yake. Ndugu zake wa tumbo moja, walioko mbali, walitaka kila mmoja apate mgawo wake wa mirathi, naye akakubali iuzwe kwa sharti moja: chumba chake cha mbele, kile chenye dirisha linalotazama barazani, akae humo mpaka Mungu amwite. Mwekezaji akakubali mbele ya mjumbe na mbele yangu. Nilitia sahihi ya ushahidi. Nakumbuka Bi Mwamini aliniangalia wakati natia, akasema, "Andika vizuri, fundi, nisije nikalala nje kwa sababu ya mwandiko wako."

Nilipokagua nyumba ile kabla ya kununuliwa, kisu kiliingia ncha tu, pande zote nne. Nikashangaa, maana msingi wake ulikuwa mawe na udongo, bila chochote cha kuzuia maji yasipande. Nikamuuliza siri yake ni nini.

"Siri gani? Kukandika," akasema. "Kila mwezi wa Shaabani, kabla ya kufunga, sisi wanawake wa nyumba hii tunaikandika. Udongo wa kichuguu, mchanga wa ziwani, basi. Mkono unapita kila mahali. Ukikuta pana ubaridi unasema, hapa ukuta una homa. Pale unabandua, unaacha pakauke, unakandika upya."

"Na mnapaka chokaa juu?"

"Chokaa ni poda ya uso. Dawa ni mkono." Kisha akaongeza, kwa sauti ya chini kidogo, "Baba alipokuwa anakata roho hakusema habari za shamba wala ng'ombe. Alisema, nyumba hii msiache kuikandika. Huo ndio wasia wake. Nimeiuza, najua atanuna. Lakini kuikandika sitaacha, ili nisikose radhi yake yote."

Haya niliyaandika kwenye daftari jioni ile, kama mtu anavyoandika kitu cha kufurahisha. Sikujua kwamba nilikuwa nimeandika somo kubwa kuliko yote ya Fundi Mkuu. Maana fikirieni: mwanamke anayekandika nyumba anashika kila shibiri ya ukuta kila mwaka kwa kiganja chake. Sisi wakaguzi tunapita mara moja tu na kisu, tunachoma mahali kumi, tunakwenda zetu.

Kisha ikaja miaka ambayo ziwa lilipanda. Ninyi mnaoishi hapa mnaikumbuka, sina haja ya kuisimulia sana. Maji yalizifuata nyumba za ufukweni, Katonga na kwingineko, na watu wakapanda huku juu na magodoro yao kutafuta vyumba. Mwekezaji akataka nyumba zake zote ziwe tayari haraka. Akaagiza zipigwe lipu ya saruji nje na ndani, kwa kuwa mpangaji akiona ukuta wa udongo anadhani nyumba inabomoka. Nilimkumbusha habari ya wake wenza. Nilimkumbusha mara moja tu, tena kwa utani, na alipocheka na mimi nikacheka. Kwa hiyo siwezi kusema nilimwonya.

Niseme haki: nyumba nyingi tulizozipiga lipu zimesimama mpaka leo. Zile zilizo mahali pa juu, zenye paa lililotokeza mbele na kufunika ukuta, hazikudhurika. Sitaki mtu asome hapa akadhani kila lipu ni sumu.

Lakini chumba cha Bi Mwamini Mwekezaji hakuagiza kipigwe. Alisema waziwazi, "Cha mama kiacheni kama kilivyo, ndivyo tulivyokubaliana." Nataka hilo lieleweke. Wazo lilikuwa langu mimi. Ilikuwa Shaabani, nikamkuta amepiga magoti barazani, anakandika peke yake, mkono mmoja umeshika kiuno. Wale wanawake aliokuwa akikandika nao walikuwa wameshakufa au wameolewa mbali. Nikamwonea huruma. Saruji ilikuwa imebaki kutoka vyumba vya nyuma. Nikasema:

"Shikamoo, mama. Acha hiyo kazi. Kesho nakupigia lipu, ukae kama malkia. Hutakandika tena mpaka unaingia kaburini."

"Marahaba. Na jasho?"

"Jasho gani, mama?"

"Ukuta huu unatoka jasho, mwanangu. Ndiyo maana asubuhi ukiugusa una ubaridi na mchana umekauka. Ukiuziba, jasho litatokea wapi?"

Nikacheka. Nikamwambia hayo ni mambo ya zamani, siku hizi kuna utaalamu. Mimi, wa darasa la saba, nikamtajia utaalamu. Akabisha siku mbili. Siku ya tatu magoti yalimuuma sana, akasema, "Haya, fundi. Wewe ndiye mwenye kujua." Nikampigia lipu nje na ndani kwa mkono wangu mwenyewe, nikailainisha mpaka ikang'aa. Alikuja kuigusa. Akasema imekuwa ngumu kama sahani. Aliniletea ugali wa muhogo na samaki mgebuka wa kukaanga, nikala barazani nikijiona mtu mwema.

Zikapita masika mbili. Katika masika ya pili nilikuwa napita tu, nikaona jua limeupiga ukuta ule kwa upande, na kivuli kwa chini hakikunyooka. Nikaweka timazi. Ukuta umefura tumbo. Bi Mwamini alikuwa amekwenda msibani mtaa wa pili. Nikaingia chumbani, nikasogeza sanduku lake la nguo, nikatoboa lipu kwa msumari kwanza, kisha nikaingiza kisu.

Kwenye daftari siku hiyo nimeandika mistari miwili tu. "Ukuta wa Bi Mwamini. Kisu kimezama hadi mpini. Nimerudisha sanduku mahali pake."

Nilikaa siku tisa bila kumwambia mtu. Nilipeleka maboriti mawili, nikayaegemeza nje, nikamwambia ni ya kazi nyingine, nayahifadhi hapo. Mwenyewe nilijiambia nangoja mvua zipungue ukuta ukauke. Si kweli. Fundi yeyote anajua ukuta uliozibwa haukauki. Nilikuwa naona aibu, basi. Kwa siku tisa yule mama alilala hatua mbili kutoka kwenye ukuta ule, kwa sababu mimi naona aibu. Mungu alimlinda yeye, si mimi niliyemlinda.

Siku ya kumi nilimwambia Mwekezaji. Hapa ndipo pana neno ambalo nataka mlijue, kwa kuwa nanyi mnalitumia. Nilimwambia, "Mkuu, ukuta wa chumba cha mama umechoka." Sisi mafundi tunasema boriti limechoka, bati limechoka, nyumba imechoka. Ni neno zuri. Halina mtu ndani yake. Ukisema umechoka, hakuna anayeuliza nani kauchosha.

Mwekezaji hakuchelewa. Alikwenda mwenyewe siku ile ile, akavua viatu barazani, akamsihi. Akampa chumba kwenye nyumba nyingine, kizuri tu, karibu na msikiti. Bi Mwamini akakataa.

"Chumba hicho ni cha wapangaji. Mimi si mpangaji. Kama si hapa kwa baba, basi nitakwenda kwa damu yangu." Damu yake iliyokuwa karibu ni Zaituni, mtoto wa dada yake, aliyeolewa Kalinzi huko juu milimani, kwenye kahawa na baridi. Kisha akanigeukia mimi. "Fundi, ukuta umefanya nini?"

"Umechoka, mama."

Akaugusa kwa kiganja, akateleza nacho juu ya lipu yangu. Kisha akasema maneno ambayo mpaka leo nikiyakumbuka natamani ardhi inimeze.

"Ni mimi. Niliacha kuikandika. Baba alisema msiache, mimi nikaona uvivu, magoti, magoti. Nimeiua nyumba ya baba yangu."

Mwekezaji akasema, "Hapana mama, ni uzee wa nyumba." Akanitazama nami niseme kitu. Nikasema, "Ndiyo, ni uzee." Ndilo lililonitoka. Nilikuwa na nafasi ile, watu watatu tu barazani, na neno moja lingetosha.

Alipandishwa gari kwenda Kalinzi na sanduku lake, mkeka na birika. Siku ya nne tangu aondoke, adhuhuri, mvua ikinyesha, ukuta ukalala. Haukuumiza mtu. Nilifika wakati vumbi, au niseme tope, bado linatulia. Lipu yangu ilikuwa imelala chini nzima nzima, kama ganda, imeshikana vizuri kweli, ningeweza kuisifu. Nyuma yake udongo ulikuwa uji. Juu, mahali ambapo maji hayakufika, palibaki kipande cha ukuta wa zamani, na hapo nikaona matabaka ya kukandika, moja juu ya jingine, rangi tofauti kidogo kidogo, na kwenye kila tabaka michirizi ya vidole. Vidole vya wanawake wa nyumba ile, mama yake, shangazi zake, yeye mwenyewe. Nilisimama pale mpaka nikalowa.

Naweza kujitetea, na nimejaribu. Miaka ile maji ya ardhini yalikuwa juu kila mahali. Jirani naye alichimba mfereji ukamwaga upande wetu. Huenda ukuta ungeanguka hata bila lipu. Sina hakika. Lakini najua kwamba kama angeendelea kukandika, mkono wake ungeisikia ile homa mapema. Mimi niliuondoa mkono, nikaweka sahani.

Mtaa mzima ulinisifu. "Mzee Laurenti ana macho! Kamtoa mama siku nne kabla!" Hata msikitini, nimeambiwa, walinitaja kwa wema, mimi Mkristo. Zaituni alimtuma mtu na mkungu wa ndizi kutoka Kalinzi, na ujumbe: "Mama zangu wote wamekwisha, huyu ndiye mama niliyebaki naye. Umeniachia mama." Mkungu ule niliugawa kwa majirani wote usiishie ndani kwangu.

Nilifanya kazi kama miaka miwili zaidi, lakini niliharibika. Nikikagua nyumba nilikuwa nasema "sijui" kila mahali. Mwekezaji akinunua naogopa, asiponunua naona nimemkosesha. Siku moja nikamwendea ofisini, chumba chake kile cha nyuma ya duka, nikamwambia naacha kazi, nikamwambia na sababu.

Akanisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Mzee wangu, mimi nimepiga lipu nyumba saba. Wewe unalilia chumba kimoja?"

"Zako ulitaka wapangaji, Mkuu. Mimi nilitaka sifa."

"Na sasa unataka nini?"

"Nimwambie mama."

"Ili upate nini? Mwache bibi wa watu amalizie siku zake kwa amani."

"Hana amani, Mkuu. Anadhani ni yeye."

Akazungusha funguo mezani. Sikumwona kuwa mtu mbaya saa ile, wala sasa. Mwisho alisema, "Basi nenda asubuhi. Kule mchana kuna ukungu, gari zinachelewa." Hiyo ndiyo ilikuwa barua yangu ya kustaafu.

Wastaafu wa kazi nyingine wana picha ukutani na saa ya zawadi. Mimi nilipostaafu nilikuwa na timazi, kisu na lile daftari. Mkiniuliza kazi hii inafundisha nini, nasema inafundisha kuyafuata maji. Na mkiniuliza kama nimefundishika, nasema sijui. Ushauri nilio nao ni mchache. Nyumba ya udongo itunzeni kwa udongo. Kabla hamjatoa kisu, mwulizeni mwanamke aliyeikandika. Na mkikuta ukuta umeharibika, msiseme umechoka. Semeni nani alifanya nini, hata kama huyo nani ni wewe. Semeni siku ile ile, kwa kuwa mimi nilingoja, na sasa nitawaeleza kungoja kulimgharimu nani.

Nilipanda Kalinzi asubuhi. Mume wa Zaituni alikuwa anaanika kahawa uani na majirani wawili watatu wakimsaidia. "Mwakeye, Mzee!" akanisalimia kwa Kiha chetu, na Zaituni akatoka mbio na kigoda, akaniita mwokozi wa mama yake mbele ya wote. Bi Mwamini alikuwa ameketi juani, ameegemea ukuta, amejifunika blanketi, amekonda. Macho yake yalikuwa mazima.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Fundi! Umekuja kukagua nini huku? Nyumba za huku ni za tofali za kuchoma, hazina homa."

Wakacheka. Sikuweza kucheka. Nikakaa chini, sikukaa kwenye kigoda, nikamwambia. Nilimwambia yote kama nilivyoandika hapa: lipu, jasho lililokosa njia, kisu, siku tisa, neno "umechoka", na kwamba yeye hakuiua nyumba ya baba yake. Niliiua mimi.

Hakupandisha sauti. Aliniangalia muda mrefu, kama anayejaribu kukumbuka mahali alipoweka kitu.

"Tangu nimefika huku," akasema, "kila swala, swala tano kwa siku, nikimaliza nainua mikono namwomba baba yangu radhi. Usiku naamka tena namwomba. Namwambia, baba, nilikuwa mvivu, nisamehe. Na wewe ulikuwa Ujiji unakula dagaa."

"Ndiyo, mama."

"Zile dua zangu nani atanirudishia?"

Zaituni alikuwa amesimama mlangoni, na uso aliokuja nao kunipokea haukuwapo tena. Nikasema, "Nisamehe, mama."

"Mimi kuna kosa gani ulilonikosea? Ulinionea huruma. Nyumba haikuwa yangu, ilikuwa ya baba. Mwombe yeye."

"Sijui dua zenu, mama."

"Omba kwa hizo zenu. Kiswahili anajua. Anaitwa Ramadhani Kalonda."

Nikapiga magoti pale uani, mzee mzima, katikati ya kahawa iliyoanikwa. Nikafumba macho. Nikasema kwa sauti ya chini, Mzee Ramadhani Kalonda, mimi naitwa Laurenti, ni fundi, nilipiga lipu ya saruji nyumba yako.

"Pandisha sauti," Bi Mwamini akasema. "Sikio lake la kulia lilikuwa zito."

Nikapandisha. Wale majirani wakaacha kahawa wakasogea kusikiliza. Nikayasema tena yote tangu mwanzo, kwa sauti ya kumfikia mtu mwenye sikio zito, na nilipofika kwenye siku tisa sauti ilinikatika, naye akangoja, hakunisaidia. Nilipomaliza hakuna aliyesema amina.

Hakuniambia kama amenisamehe, nami sikuuliza. Alimwita Zaituni amletee maji ya kutawadha, maana adhuhuri ilikuwa imeingia. Akashikwa mkono akainuka, akaswali pale pale kwenye mkeka wake, amekaa, magoti hayakumruhusu kusujudu. Akatoa salamu kulia na kushoto. Nilimtazama nikingoja ainue mikono. Hakuiinua. Aliiacha imelala mapajani, viganja chini, akakaa hivyo akiangalia mbele, mpaka ukungu ukaanza kushuka na Zaituni akaja kumwingiza ndani.